Droo ya Vitabu Viwili

Ufunguo wa droo nauvaa shingoni, kwa kamba ya kiatu.
Ndani umo msahafu uliofungwa kipande cha kanga ya kijani,
na Biblia iliyopoteza jalada mwaka ule paa lilipovuja,
nikaivika karatasi ya kaki kama daftari la mtoto.
Vimelala ubavu kwa ubavu. Sijasikia vikigombana.

Miaka kumi na tisa naifungua droo hii,
Mahakama ya Mwanzo, Tanga, chumba chenye feni moja,
na kila asubuhi mtu huweka kiganja juu ya jalada,
husema wallahi, husema ee Mungu nisaidie,
kisha hudanganya.

Singano aliapa hajui cherehani ilipo,
na mafuta ya cherehani yananuka shatini mwake.
Mke wa Shemdoe aliapa kwa machozi.
Machozi yalikuwa ya kweli, mengine yote alitunga.
Nami huvuta kitabu, hufuta jasho la kiganja,
hukirudisha gizani nikijiuliza:
uongo ule umekwenda wapi?
Umeingia kurasani kama mchwa,
au umeteleza juu,
kama maji mgongoni mwa bata?

Nyumbani, barabara ya kumi na nne,
mwanangu Mkufya amerudi shule na maswali yenye miba kama changu:
"Mama, dunia yote kwa siku sita?
Mwezi ulipasuka, nani aliuokota?
Na walioandika, walikuwepo?"
Baba yake wa karatasi ya kaki, mimi wa kanga ya kijani;
tukatazamana.
Nikamwambia ale kwanza, wali unapoa.

Si jibu. Najua si jibu.
Kooni mwangu pia umo mwiba huo, tangu usichana.
Nimeumeza kwa matonge mengi. Haujashuka.

Ikaja Jumanne, kesi ya baiskeli.
Shahidi wa tatu, Bi Mwanakheri wa Duga, muuza mihogo,
majivu bado kwenye kucha.
Nikamnyooshea kitabu.
Akakitazama kama mtu atazamavyo mlango wa mkwewe.
"Sikishiki," akasema.

Hakimu akavua miwani. "Hukiamini?"

"Sijui, mheshimiwa.
Usiku nakiamini.
Asubuhi nikiwakumbuka wanangu wawili niliowazika, nasema ngoja kwanza.
Sasa nikikishika hapa mbele ya watu, nijifanye nina hakika,
nitakuwa nimeanza na uongo,
na baiskeli bado sijaifikia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akathibitisha kwa mdomo mtupu, mikono imening'inia,
akasema: baiskeli ni ya Kilua.
Aliinunua kwa pesa za mkonge, miezi minane ya kukata,
nilikuwepo akihesabu noti.
Aliyeiba ni huyu.
Akamwonyesha kwa kidevu mtoto wa dada yake.

Kijana akainamisha kichwa. Dada mtu, benchi la nyuma,
akatoka nje bila kuaga.

Umo mstari mle kitabuni, ninaujua,
juu ya shahidi na damu yake mwenyewe.
Nimeusikia ukisomwa kwa sauti tamu, kwenye vipaza sauti,
na watu waliokuwa na kesi kesho yake.
Siku ile haukusomwa.
Ulikuwa umesimama mbele yangu, umevaa kandambili,
mkanda mmoja umeshonwa kwa waya,
na mwenye kuuvaa anasema hajui kama anaamini.

Nikashindwa kuandika. Kalamu ilikuwa na wino.

Mkufya ataniuliza tena, namjua, hasahau.
Habari ya mwezi nitamwambia sijui.
Nitamwambia juu ya Bi Mwanakheri,
na kwamba alirudi Duga kwa miguu,
na kwamba dada yake, nasikia, hanunui tena mihogo kwake.
Atasema, "Mama, hilo si jibu."
Huenda.

Saa tisa na nusu nikafunga droo.
Msahafu ulikuwa mkavu, hapakuwa na jasho la mtu.
Nikaufuta hata hivyo,
taratibu,
kwa upindo wa kanga yangu.