Nusu Dumu

Bi Mize Faki kashuka Wete saa tatu asubuhi,
dumu la lita tano kalifunga kanga,
kalikalisha mezani pangu kama mgonjwa:
"Mafuta ya danzi, ya Mtambwe. Nipimie."

Nikalitikisa. Likacheka tumboni.
Dumu lililojaa halina kicheko.
Sauti ile ni ya hewa,
na katika kazi hii hewa ndiye mgeni nimwogopaye:
haombi chai, haombi mkeka,
hukaa juu ya mafuta akasubiri.

"Umekamua lini?"
"Mfunguo mosi wa mwaka juzi."
Wakikuna maganda kwa kijiko, yeye na binti zake watatu,
vidole vikawa njano hata wali ukawa na ladha ya danzi.
Nusu yakenda harusini.
Nusu kayaweka dirishani, upande wa jua,
mahali pa heshima,
na kila Ijumaa akifungua, akinusa,
akijitia tone moja nyuma ya sikio.
"Siku hizi yaniwasha," akasema, akinionesha shingo.
"Na danzi langu halikuwa na ugomvi na mtu."

Nikachovya karatasi.
Nikaitafuta ile harufu inayokurukia machoni ukimenya,
ile tuliyoibinya utotoni mbele ya kibatari
ikapasuka cheche, tukachapwa.
Haikuwepo.
Palikuwa na mlango uliopakwa rangi jana,
tapentaini kidogo,
na nyuma yake, kimya, kisibiti.

Nimweleze vipi?
Limonini, ndilo jina lake la kazini,
ni nyumba yenye mlango usiokazwa.
Oksijeni huingia pale kisogo kinapogeuka,
jua humshika mkono,
na siku moja aliyemo ndani anaitika jina jingine: kavoni.
Kaboni ni zile zile, kumi, zihesabu.
Haidrojeni mbili tu zimeondoka bila kuaga.
Kila Ijumaa ulipofungua kuyasalimu
ndipo ulipoyapoteza, Bi Mize.
Hilo sikumwambia.

"Yameharibika?"
"Yamebadilika."
"Hayo maneno ya serikali."

Akaninyang'anya karatasi. Akafumba macho.
Nje mtu alikuwa akivuta mabati, akaacha.
"Hiki kisibiti."
"Ndiyo."
"Kisibiti hiki cha mtoto mwenye tumbo."
"Hicho hicho."
"Mie sijapanda kisibiti."
"Kimejipanda."
Akacheka mpaka akashika meza,
kisha kicheko kikamwishia ghafla, kama maji ya bomba.
"Basi danzi langu limehama tu,
nanyi mwasema limekufa."

Fomu ina visanduku viwili:
yamekubaliwa, yamekataliwa.
Nimewahi kuomba cha tatu, sikujibiwa.
Nikapiga mhuri kwenye cha pili, taratibu,
kana kwamba wino nao ungeweza kuwasha.

Nikampa nasaha, ndiyo mshahara wangu:
chupa ndogo, za kioo cheusi,
uzijaze hadi shingoni, hewa ikose pa kukaa,
uziweke gizani, penye baridi,
usizifungue.
"Nisizifungue?"
Akanitazama kama anayetazama mtoto wa mwenzake.
"Sasa niliyakamulia nini?"

Sikuwa na jibu. Maabara nzima haikuwa na jibu,
mizani, vipimajoto, friji linalonguruma.
Akalifunga dumu lake kanga ile ile,
akakaza fundo kwa meno,
akatoka.

Karatasi yake imebaki chini ya kopo la kalamu.
Nimeinusa Jumatano, nimeinusa leo.
Tapentaini imekwenda zake.
Kisibiti kipo, kimekaa kitako.
Na kwa mbali,
kama mtu aliyeitwa akaitikia yuko uani,
danzi.
Au ni mimi.
Nimeifunika, kisha
nimeifunua tena.