Sentimita Hamsini

Murdina huichomeka fimbo ya chuma ardhini
kama mpishi apimaye keki kwa njiti,
huichomoa, huisoma, huifuta kwa kiganja.
"Mita mbili na robo." Anaandika.
Hatua kumi. "Mita mbili na nusu." Anaandika.
Fimbo ikigonga jiwe kabla ya sentimita hamsini,
hapo panda miti.
Ikizidi, ni mboji, na mboji ina mwenyewe:
maji.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
tulipoupasua mgongo wa Druim Dubh kwa plau,
mfereji, tuta, mfereji, tuta, hadi upeo wa macho.
Tulilipwa kwa kichwa cha mche.
Nilifikisha elfu moja na mia mbili kwa siku,
mvua ya Uskoti ikinitambaa uti wa mgongo,
kisigino kikishindilia: wewe simama, wewe simama.
Hakuna aliyeuliza kina.
Maji yakahama usiku usiku
kama mwenye nyumba aliyefukuzwa na wapangaji.
Sululu akayafuata.
Misonobari ikabaki njano, mifupa, shingo upande,
mizizi imetandazwa juu juu kama viganja mezani,
kila dhoruba ikiilaza safu nzima kifudifudi.

Leo ni mimi yuleyule, mgongo mbovu, ndani ya katapila,
nang'oa nilichopanda.
Nageuza visiki kichwa chini, naziba mifereji
kwa mboji ileile tuliyoitoa.
Mshahara ni mnono kuliko ule wa kupanda.
Hilo nalo sijui nilicheke au nilionee haya.

Binti yangu Sorcha haongei nami tangu Jumapili.
Ana miche elfu tatu ya mbetula nyuma ya nyumba,
mbegu alizookota mwenyewe korongoni, kondoo wasikofika.
"Dunia inaungua," alisema, sahani ikiwa mkononi,
"na baba yangu anakata miti."
Nilitafuta jibu, nikapata supu tu.

Murdina ndiye aliyemjibu, huku juu, buti zikizama:
"Mti huo unaweka akiba kwa mkono wa kulia,
na mizizi yake inavunja benki kwa wa kushoto.
Mboji ikikauka huachia pumzi iliyobanwa
tangu nchi hii haijapata jina."
Sorcha akainyakua fimbo. Akapima mwenyewe.
Arobaini na saba. Hamsini na tatu. Arobaini na tisa.
Hamsini na moja.
"Sentimita moja! Unene wa kidole!"
"Kuvumwani huijenga kwa miaka kumi," akasema Murdina,
wala hakuinua sauti.

Pale penye hamsini na moja hatujakubaliana bado.
Nimepazungushia kamba nyekundu. Upepo unaichezea.

Chini korongoni jiwe lilijibu upesi, ting',
na huko mbetula mia nane wamesimama tayari,
wembamba kama penseli, kila mmoja na kola ya plastiki
kumzuia kulungu. Sorcha aliwapanda akipiga mluzi,
ingawa si kwa ajili yangu.

Ulibaki msonobari mmoja kando ya lango,
wenye alama za kisu: Sorcha miaka minne,
saba, kumi na mmoja.
Nilizima injini. Nilisema naweza kuuruka huu.
Akaichomeka fimbo shinani. Ikaingia, ikaingia,
mpaka ngumi yake ikagusa matope.
Hakusema namba.
Alinyoosha mkono, akaomba msumeno.

Jioni nilirudi peke yangu
kwenye mfereji wa kwanza nilioziba.
Maji yapo, meusi, yananukia chai iliyosahaulika.
Niliyapima kwa buti.
Bado hayajafika kifundoni.