Timbo la Njiru, mwezi wa saba

Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro,
Nairobi imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Erupe ametoka lindo, bado na sare, bado na tochi.
Rungu amelilaza kapuni mwangu pamoja na ndoana,
nusu mkate, chupa ya chai
na daftari jeusi la ofisini
ambalo kurasa zake za nyuma nimewapa samaki.

Hapa palichimbwa mawe ya nusu ya mtaa wetu.
Wachimbaji wakaondoka, mvua ikahamia bila kulipa kodi.
Samaki waliletwa na nani? Wengine husema ndege, kwa miguu yao.
Wengine, mwalimu wa sayansi aliyefutwa kazi.
Mimi ni mhasibu. Mali hii haina risiti, naipokea hivyo hivyo.

"Baridi ikikaza," alisema Erupe, "samaki hana haraka.
Hushuka chini akakaa kama mgonjwa anayengoja kuitwa.
Usimrushie chambo kama unayempiga jiwe.
Kishushe. Kiguse tope. Kiinue shibiri moja.
Halafu ngoja, mpaka usahau unangoja nini."

Nikangoja. Vidole vikawa vya mtu mwingine.
Katika uzi nilisikia kokoto, nikasikia mwamba,
nikasikia kitu kinafikiri,
kisha kinaghairi.

Kufika saa mbili, perege wawili, kila mmoja kiganja.
Erupe aliwatazama kwa adabu
ya mtu aliyewahi kukutana na wakubwa wao.
Kwao kaskazini, kwenye ziwa ambalo ng'ambo yake
ni habari ya kuambiwa tu,
sangara husogea ufuoni usiku wa upepo,
na ukimulika, jicho lake linakurudishia mwanga
mwekundu, kaa lililopulizwa.
"Ndiyo maana sijaacha lindo," akacheka.
"Hapa mjini ni paka tu. Lakini hata wao hujibu."

Nikamuuliza atarudi lini.
Nililiuliza kama swali la kujazia kimya.

Alikunja uzi wake wote kabla ya kusema.
"Ziwa limepanda. Mwaka wa kwanza lilichukua mgunga
tuliofungia mbuzi. Wa pili, darasa la tatu, ubao na yote.
Halafu zizi. Halafu nyumba.
Halafu mama, na tulikuwa tumemzika mbali makusudi,
hakupenda unyevu.
Ndugu yangu Lomuria sasa anavua juu ya paa letu.
Juzi alinipigia: sangara wa kilo thelathini,
pale, anadhani, palipokuwa jiko.
Sikujua nimpe pole au hongera.
Nikampa zote mbili. Salio likaisha."

Hapo ndipo uzi wangu uliponasa.

Nikavuta. Fimbo ikainama kama mtu anayeokota shilingi.
Nikavuta tena, nikatafuta kisu.
Erupe akanishika mkono.
"Usikate. Wala usivute hivyo, hujui chini kuna nini.
Mwamba, tairi, mlango wa watu.
Legeza kwanza. Piga hodi."

Nami, baba wa watoto watatu, mdaiwa wa chama,
mtu wa safu mbili na jumla chini,
nikaliinamia shimo la mawe la Njiru
nikasema hodi,
mara ya kwanza kwa aibu,
ya pili kwa sauti.

Hakuna aliyesema karibu. Lori la mchanga lilipita,
mbwa akabweka upande wa machimbo mapya.
Ila uzi ulilegea, wenyewe,
ukapanda polepole na ndoana tupu,
imenyooka kama sindano ya kushonea gunia.

Daftarini niliandika: perege wawili, wamerudishwa majini.
Ndoana moja, imeharibika.
Hodi, mbili.
Erupe alichungulia, akaumulika ukurasa kwa tochi
ingawa kulishakucha kitambo,
akasema kwenye safu ya majibu
niache nafasi.