Robo Mzunguko

Mlango wa bafu ndio uliokuwa kalenda yetu.
Ukigoma kufungika, ni Juni, mvua zimepita.
Ukifunguka wenyewe usiku, kwa mlio wa paka,
ni Septemba, na ngano imeshakatwa.

Baba yangu, Metro Waskul, fundi wa reli,
alinunua nyumba hii Regina mwaka wa hamsini na saba
kwa sababu ilikuwa na chumba cha chini chenye kuta za zege,
na kwa sababu ardhi ilikuwa tambarare.
Kama meza, alisema. Nani angeanguka?

Hakuuliza meza hiyo ilikuwa nini kabla.

Ilikuwa ziwa. Barafu ilipoyeyuka,
kabla hajazaliwa mtu wa kuhesabu miaka,
maji yalituama hapa, yakashusha matope laini kuliko unga,
tabaka juu ya tabaka, kimya kimya,
kisha yakaenda zake.
Udongo haujasahau.
Kila mvua inyeshapo hudhani ziwa limerudi.

Hunywa. Chembe zake, nyembamba kuliko karatasi za sigara,
hupokea maji katikati ya kurasa,
kitabu kikanenepa,
na sakafu ikainuka na nguzo, nguzo na boriti,
boriti na jiko, jiko na mama yangu Nettie
anayemenya njegere na kuitazama moja
ikikimbilia pembe ya kaskazini, kama kawaida yake.

Kisha jua.
Udongo uliokunywa ukanywea.
Uwanjani zikafunguka nyufa za kumeza funguo
(zangu za baiskeli zimo humo hadi leo),
na mwerebi wa jirani yetu Ottenbreit
ukapitisha mizizi chini ya uzio bila hodi,
ukafyonza kilichobaki chini ya msingi.
Pembe moja ikazama. Ya pili ikakaa.
Nyumba haifi kwa kupanda wala kwa kushuka;
hufa kwa kutokwenda pamoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Baba aliziba. Kila Mei plasta, na rangi ya maziwa.
Kila Oktoba ufa ulitokea palepale,
kama mshono wa suruali ya mtu mnene.
Mwishowe akaacha kuziba, akanunua spana.

Nguzo za chuma kule chini zina skrubu kichwani.
Robo mzunguko kushoto, udongo unapovimba.
Robo mzunguko kulia, unaponywea.
Si zaidi. Kaka yangu Orest alizungusha nusu,
akapasua dirisha la sebule.

Kwenye boriti aliandika kwa penseli
tarehe, nguzo, upande.
Miaka arobaini na mitatu, na hakuna neno juu yetu,
isipokuwa hapa:
*9 Oktoba. Ya tatu, kulia. Nettie hospitalini.*
Na chini yake:
*2 Mei. Ya tatu, kushoto. Peke yangu.*

Leo mkaguzi, Desjarlais, ameweka pimamaji sakafuni.
Kiputo kimeteleza hadi mwisho wa kioo, kikatulia hapo
kama mtoto aliyepewa adhabu.
Mifereji ya paa inamwaga maji ukutani, anasema.
Bustani inateremkia ndani badala ya nje.
Mwerebi nao, ule mwerebi.
"Maji si adui, mama. Ukame pia si adui.
Ni kubadilishiwa-badilishiwa."
Anaandika jambo, halafu anaficha karatasi kidogo,
kama daktari.

Nimemwacha juu na tochi yake.
Huku chini pananuka vitunguu na kutu.
Spana iko kwenye msumari wake, mpini umefungwa kitambaa
cha aproni ninayoijua.
Ni Oktoba. Kulia, basi.
Mnunuzi hatajua, wala nyumba haitashukuru.

Nazungusha robo.
Chuma kinaguna, boriti inavuta pumzi,
na huko juu mlango wa bafu unalia kama paka,
au ni Desjarlais tu, anajaribu kitasa.