Maana na Matumizi

Ubaoni mwalimu Ludivina ameandika: tiempo muerto.
Toeni maana,
kisha litumieni katika sentensi.
Maridel anabeba daftari kifuani hadi nyumbani,
akipita kiwanda cha sukari
ambacho tangu Mei hakijakohoa moshi.

Ni neno la Wahispania. Wenyewe waliondoka zamani,
wakaliacha hapa Negros
kama mgeni aachavyo kiatu kibovu mlangoni,
na miguu yetu ikalizoea.
Wakati mfu.

Baba ananoa panga, wala hakuna muwa wa kukata.
"Ni Juni," anasema, "na Julai, na Agosti,
na Septemba, hadi miwa ikomae."
Hiyo si maana, baba. Hiyo ni kalenda.

Karani Crispulo, kwenye duka la shamba,
hainui uso kutoka kwenye kitabu cha madeni:
"Ni muda ambao mashine hazizalishi."
Maridel anaandika. Mstari mmoja, herufi safi.
Kisha anakitazama kidole cha karani kikishuka:
mchele, chumvi, mafuta ya taa,
mchele,
riba juu ya mchele.
Kumbe kuna mashine moja haijazimwa.

Mama yuko mtaroni, maji magotini,
anapapasa tope akitafuta konokono wa chajio.
Alfajiri alifua mashuka ya nyumba kubwa.
Mchana alishona magunia, senti kwa gunia.
Na mtoto wa sita anajigeuza tumboni
bila kuuliza huu ni msimu gani.

"Mama, wakati hufaje?"
"Nani kafa?"
"Wakati."
Mama anacheka hata konokono wawili wanamponyoka.
"Ungekufa, mwanangu, ningeuzika leo hii
nikalala siku zote tatu za matanga.
Kilichokufa ni ujira.
Wakati mzima, tena una meno.
Shika ndoo."

Usiku, kando ya kibatari,
anaifuta maana ya karani. Raba imekwisha,
anasugua kwa kidole na mate,
karatasi inatoboka.
Maana anaiacha hivyo hivyo, tundu.

Matumizi:
Katika tiempo muerto mama hakai chini.

Anahesabu. Maneno sita.
Mwalimu alitaka yasipungue manane.
Nje, jiwe na chuma vinasuguana gizani,
anasikiliza kidogo,
anaongeza:
Baba ananoa.