Kitanzi cha Shaba

Kitanzi nakijua mie kabla ya nesi.
Mwaka wa sita huu nasimama kwenye mashine ya kamba,
vumbi la mkonge likinitua nyusini kama unga,
na kila kamba inayotoka pale hupimwa hivi:
piga kitanzi, tundika, vuta.
Ikikatika, inarudi. Isipokatika, inauzwa
kwa wenye ng'ombe, wenye visima,
na hatuulizi wengine wanainunulia nini.

Kwa hiyo Nesi Mhina aliposema "kitanzi"
nilishika shingo.

Akacheka kidogo, si kwa dharau.
"Wote mnashika hapohapo," akasema,
"na safari yenyewe iko huku chini."

Alikuwa amepanga kwenye trei, kama muuza vipuri:
vidonge, sindano ya miezi mitatu,
vijiti viwili vya mkononi,
na hicho kidude, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho,
herufi T iliyovishwa waya wa shaba.
Vidonge nilishavijaribu. Nikasahau wiki ya zamu ya usiku,
na wiki ile sasa ina jina, inaitwa Kombo,
ina meno mawili, na naipenda kupita kiasi.
Sindano ilinitoa damu siku arobaini.

Wifi yangu Mwanamkasi alikuwa na habari zake.
Kinapanda. Kinapanda mpaka moyoni.
Kuna mtoto Makorora kazaliwa kakifumbata
kama nauli.
"Umemwona?"
"Mie sijamwona. Aliyemwona kahamia Korogwe."

Mbaruku nilimwambia kazini kwake, Barabara ya Kumi na Mbili,
kapindua baiskeli ya mtu miguu juu,
anazungusha gurudumu, anasikiliza spoku.
Hakunyanyua kichwa.
"Shaba au chuma?"
"Shaba."
Gurudumu likazunguka mpaka likachoka lenyewe.
"Shaba hailiwi na kutu," akasema. "Ila hilo jina, Mishi.
Hawakupata jina jingine?"

Alhamisi, Bombo.
Feni ya darini imesimama, bawa moja limefungwa kamba.
Kamba yetu. Niliitambua kwa msokoto.
Basi nikaikodolea hiyo, magoti yametengana,
chuma baridi kikibisha mlango
ambao mpaka sasa wanne wameutumia kutoka.
"Vuta pumzi, Mama Kombo." Nikavuta.
"Kohoa." Nikakohoa.
Kisha kikaja: si kisu, si uchungu wa kuzaa,
ni mkono unaokamua tumbo kwa ndani kama kitambaa cha deki,
mara moja,
tena,
jasho likanitiririkia sikioni
na nikasema neno ambalo sitaliandika.
"Tayari. Nimepunguza nyuzi. Zimebaki mbili, fupi."

Nyuzi! Hata humu nimeletewa kazi.
"Na ncha anashika nani?" nikauliza, bado nimelala.
Maana kitanzi si fundo. Fundo limekwishakata shauri.
Kitanzi kina ncha, na mwenye ncha ndiye mwenye kitanzi;
hilo hatukufundishwa kiwandani, liliingia lenyewe viganjani.
"Wewe," akasema, huku anaandika kadi.
"Ukitaka mtoto, hata kesho, uje tukivute.
Usipotaka, miaka kumi."

Miaka kumi. Nikaihesabu nikivaa kanga:
Kombo darasa la tano,
mimi arobaini na moja,
mashine ile itakuwa imeshauzwa chuma chakavu.
Sijawahi kuiona miaka mingi hivyo
imeandikwa kwa jina langu kwenye karatasi.

Nje, Mbaruku kaegemea baiskeli.
Kafunga mto wa Kombo kwenye keria.
Hakuuliza neno. Nikakaa upande,
tumbo bado linanung'unika.

Kutoka Bombo hadi Ngamiani kuna mashimo
anayoyaparamia kila siku huku akipiga kengele.
Siku hiyo aliyakwepa yote,
hata yale yaliyokwisha kuzibwa.