Tanuri Namba Mbili

Umesema "uzembe" mbele ya watu kumi na wanane,
Bwana Muasya, umeshika mkate wangu
kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya.
Ukaugonga mezani. Ukalia ko, ko.
Mtu mmoja akacheka, nadhani dereva wa gari la kwanza.
"Kwamboka," ukasema, "miaka sita! Hata jiwe lingejifunza."

Sita na miezi minne.

Nilikuwa na la kusema. Lilifika hapa, kooni,
likakaa kama gome la mkate lisilotafunika,
nami nikasema, "Sawa, bwana,"
kwa sauti ile ile niliyomjibu mwenye nyumba
aliponidai kodi niliyokwisha kulipa.

Nikatoka uani, nyuma, kunakorundikwa magunia.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Julai,
Nairobi ina baridi ya kung'ata masikio
na Barabara ya Lunga Lunga imejaa watu waendao zamu
kwa miguu, upesi upesi, wakinukia sabuni.
Mimi nanuka hamira. Unga umeniganda kwenye kope.
Nikalia kidogo, si sana:
unga ukilowa huwa gundi.

Kisha nikafungua daftari la zamu.
Tarehe tatu: Tanuri namba mbili linapitiliza digrii ishirini.
Tarehe tisa: Tanuri namba mbili, bado.
Tarehe kumi na sita: Tafadhali, fundi.
Mwandiko wangu, ule wa kulalia kushoto,
na chini ya kila mstari, kwa wino wa kijani,
sahihi yako, na mkia wake mrefu kama wa tiara.
Uliona. Au ulitia sahihi bila kuona;
sijui lipi zito zaidi.

Mchana kutwa nililala na kuamka nikikujibu.
Kitandani kwangu Mukuru mimi ni wakili hodari:
nasimama, nasoma tarehe moja moja,
unainama, unaomba radhi, fundi anakuja mbio.
Kisha mtoto wa jirani anapiga debe, naamka,
sina hata shahidi.

Usiku huo Mwende, mwanagenzi, wiki yake ya pili,
alisahau chumvi kwenye donge zima.
Nikafungua kinywa, na aliyetoka humo
hakuwa mimi.
"Uzembe," kinywa kikasema. "Hata jiwe."
Mwende akatazama viatu vyake.
"Sawa, dada,"
na sauti hiyo niliijua, niliijua mpaka kooni.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakuniambia mkondo unapita kwangu.

Nikazima mashine. Nikanawa mikono, ingawa ilikuwa safi.
Nikamwambia: Nisamehe, Mwende, yale hayakuwa yako.
Donge hili halijafa. Chumvi hupokewa hata ikichelewa,
ukiiyeyusha kwa maji kidogo, ukikanda bila hasira.
Tukakanda, mikono minne, hadi likalainika
likawa kama sikio la mtoto.

Kuhusu wewe, bwana, sijaamua.
Sahihi zako tatu nimezipiga picha, zimo kwenye simu
kati ya picha za harusi ya dada yangu.
Pengine nitapanda ngazi hadi ofisi ya juu. Pengine Ijumaa.
Leo, kabla ya kuvua aproni, nimeandika tena,
kalamu nikiikandamiza hadi ukurasa wa chini:
TANURI NAMBA MBILI LINADANGANYA.
Na jina langu, lote.
Nafasi ya sahihi nimeiacha wazi.